Mwaridi wa Kaburi la Shekuwe

Sogeeni, wenye masikio! Hapo kale mjane Mwanakombo alikuwa hapumziki. Mumewe Shekuwe, hata kaburini, aliita kutwa: "Mke wangu, maji! Mke wangu, kivuli!"

Akaenda kwa zimwi mwenye miwaridi isemayo, achague mmoja wa kupanda kaburini, umtulize mumewe.

Wa kwanza ukamwambia, "Mimi huogeshwa asubuhi na jioni."

"Wa namna hiyo nilishaolewa naye," akasema, akapita.

Wa pili ukalia, "Jua linanichoma, nishikie mwavuli!" Akapita mbio.

Wa tatu, miiba mitupu, ukanguruma, "Nipande, uende zako."

Akaupanda.

Jioni Shekuwe akaita, "Mke wangu, chai!"

Mwaridi ukamjibu, "Kunywa umande, kama mimi!"

Kaburi likanyamaza hadi leo. Nami nimemaliza, anayetaka chai akajipikie.