Upinde wa Ndalahwa Uliokataa Kuvutika

— Nije?
— Njoo!
— Nije na maneno au nije mikono mitupu?
— Njoo na maneno!
— Masikio yako wapi?
— Yako hapa, mawili mawili!

Haya. Endeleeni kumenya karanga, mikono haihitaji kusikia. Wewe Tungu, menya, usile. Nakuona.

Hapo kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, palikuwa na mwindaji katika nchi ya misitu ya miyombo. Jina lake Ndalahwa. Mke wake aliitwa Milembe. Mbwa wake aliitwa Sitaki, na kweli alikuwa hataki: hataki kufungwa, hataki kufukuzwa, hataki kulala nje.

Ndalahwa alipenda porini. Alipenda kuliko kula. Kiangazi kikiingia, pembe ya wawindaji ikilia, yeye alikuwa ameshavaa podo lake la mishale tangu alfajiri. Akienda, amekwenda. Mwezi mzima, miezi miwili, Milembe anapika chungu kidogo.

Sasa sikilizeni alivyoumia. Msidhani alipigwa na simba. Wala si nyati. Ni ngiri! Chekeni, chekeni. Hata wenzake walicheka, mpaka walipoliona bega. Kila mtu anajua, shimo la ngiri husimami mbele ya mdomo wake, unasimama juu. Siku hiyo Ndalahwa alisimama mbele, eti nani atanifanya nini. Ngiri akatoka na vumbi, akamrusha juu ya jiwe. Bega la kulia likavunjika, lile la kuvutia kamba ya upinde.

Walimbeba mpaka nyumbani juu ya ngozi. Milembe alipoona watu wanne wamebeba ngozi, alikaa chini hapohapo njiani. Alidhani ni maiti. Hakuinuka mpaka alipomsikia maiti anaomba maji.

Mganga wa mifupa akaja, akaliunga bega, akalifunga kwa magome. Akasema, "Mfupa utashika. Nguvu sijui."

Sasa, wawindaji wa huko walikuwa na desturi yao. Walikuwa na upinde mmoja wa wote, upinde wa zamani sana, unatunzwa na mkuu wao, Mzee Shigela. Siku ya kufungua kiangazi, kila mwindaji anaitwa jina, anauvuta ule upinde mbele ya wenzake. Kamba ikigusa sikio, twende. Isipogusa, rudi nyumbani ukalee bega. Na mtu akikosa viangazi vitatu, jina lake haliitwi tena. Nafasi yake anapewa mwingine, na mishale yake inagawanywa.

Kiangazi cha kwanza pembe ikalia. Ndalahwa yuko kitandani na magome yake. Mbwa Sitaki akaondoka na wengine, maana mbwa hana bega la kuuguza. Aliporudi, Ndalahwa alimvuta karibu, akatia pua kwenye manyoya yake. Akavuta harufu ya majani makavu, ya moshi wa kambi, ya damu ya swala. Akalia. Mtu mzima na ndevu zake, analia kwenye shingo ya mbwa.

Kiangazi cha pili pembe ikalia. Magome yametoka, lakini mkono haupandi juu ya kifua. Sitaki akaenda, Sitaki akarudi, Ndalahwa akanusa.

Kikabaki kiangazi kimoja.

Masika yalipokwisha, Ndalahwa akautoa upinde wake ukutani. Kila asubuhi akasimama uani, akauvuta huku anaimba:

Njoo, kamba, njoo,
sikio langu lakungoja,
miyombo isije ikanisahau.

Siku za kwanza kamba ilikwenda kidogo tu. Ikafika kifuani. Mwezi ukapita, ikafika kidevuni. Akapiga kelele, "Milembe! Kidevuni! Njoo uone!"

Milembe akaja, akaona. Akasema, "Hongera, mume wangu." Akarudi jikoni, akageukia ukuta.

Mnauliza ana nini? Nitawaambia. Miaka minane ya ndoa, Milembe hakujua kama mume wake anaimba. Hakujua kama anacheka usingizini. Hakujua kama anaweza kumenya karanga na kusimulia mpaka karanga zinakwisha na hadithi bado. Hayo yote aliyajua baada ya ngiri. Alikuwa ameolewa na mtu wa kupita, ngiri akamletea mume. Na ile ngozi iliyobebwa na watu wanne alikuwa hajaisahau.

Basi akafanya alilofanya. Aliuchukua upinde, akauning'iniza juu ya mafiga, kwenye moshi na joto. Siku saba mti ukakauka, ukawa mgumu.

"Upinde wangu uko wapi?"

"Nimeukausha, mume wangu. Wadudu walikuwa wameanza kuula."

Akauchukua, akauvuta.

Njoo, kamba, njoo,
sikio langu lakungoja,
miyombo isije ikanisahau.

Kamba ikafika kifuani, ikagoma. Ndalahwa akalitazama bega lake kama anamtazama mtu aliyemdanganya. Lakini hakuacha. Asubuhi, vuta. Asubuhi, vuta. Kamba ikarudi kidevuni.

Milembe akatafuta kano mbichi za ng'ombe. Akazizungusha kwenye upinde wote, akazikaza, akauweka juani. Kano mbichi ikikauka inabana, hiyo mnaijua.

"Na hizi nazo?"

"Mti mkavu hupasuka, mume wangu. Nimeufunga usije ukakuvunjikia usoni."

"Ahsante, mke wangu. Unanijali."

Eti ahsante! Milembe alikwenda kisimani na ndoo ikiwa imejaa, basi tu aondoke mbele yake.

Akauvuta. Kifuani! Akakaza meno. Jasho. Asubuhi, vuta. Asubuhi, vuta. Bega likawa nene, mgongo ukawa mpana, yeye haoni, anaangalia kamba tu. Kamba ikarudi kidevuni.

Milembe akasuka kamba mpya. Nene. Na fupi.

"Ile ya zamani ilikuwa imelika, mume wangu."

Akauvuta.

Njoo, kamba, njoo,
sikio langu lakungoja,

Mstari wa tatu hakuufikia. Kamba haikufika hata kifuani. Ndalahwa akauegemeza upinde ukutani, taratibu kabisa. Akaingia ndani. Akasema, "Milembe, jembe liko wapi?"

"La nini?"

"Nikalime."

Hilo ndilo alilokuwa analitaka Milembe. Mume shambani, mume mezani, mume kitandani. Ameshinda. Lakini jioni hiyo Ndalahwa hakuimba, na karanga alizimenya bila neno moja, na kesho yake vilevile, na mtondo wake vilevile. Milembe alikuwa na mume nyumbani na bado anapika chungu kidogo, maana mume mwenyewe hali.

Pembe ya kiangazi cha tatu ikalia.

Ndalahwa akachukua podo lake, akazihesabu ncha za mishale kwa kidole. Akamwambia mkewe, "Naenda kuwapa mishale. Heri niitoe mwenyewe kuliko waje kuifuata." Akaondoka. Milembe akamwacha aende.

Wawindaji walikuwa wamekusanyika penye kivuko. Mzee Shigela ameshika upinde wa wote.

"Ndalahwa! Jina lako nimeliita mara mbili. Nilikuwa nakaribia ya tatu."

"Usiite, mzee. Nimeleta mishale, igaweni. Mimi upinde wangu mwenyewe umenikataa."

Mzee Shigela akatikisa kichwa. "Mishale ya mtu hatupokei mpaka ashindwe mbele ya macho yetu. Shika. Vuta."

"Mzee, msinicheke."

"Nani anacheka? Vuta."

Ndalahwa akaushika. Akafumba macho. Akavuta kama alivyozoea kuuvuta wake, kwa mgongo wote na meno yote. Kamba ikapita kifua. Ikapita kidevu. Ikafika sikioni, ikalipita sikio, na upinde ukalia kaa! Vipande viwili.

Wawindaji wakasogea kuvitazama.

Kisha mwindaji mmoja, Magaka, mtu asiyejua kunyamaza, akasema, "Upinde wa mababu! Sasa sisi tutapimwa na nini?"

Wakaangua kicheko mpaka ndege wakaruka. Ndalahwa hakucheka. Ameshika nusu ya upinde, machozi yanamtoka, anasema, "Imegusa sikio. Mmeona? Imegusa sikio." Mzee Shigela akasema, "Tumeona, mwanangu. Pembe italia tena jua likifika utosini. Kalete upinde wako."

Akakimbia nyumbani. Milembe alikuwa anatwanga.

"Milembe! Nimeuvunja! Upinde wa wote, nimeuvunja kama bua!"

Mchi ukamponyoka.

Halafu Ndalahwa akapunguza sauti. Si mjinga, alikuwa na hamu tu, na hamu huziba masikio. Akasema, "Upinde wao nimeuvunja. Wangu nashindwa nao. Milembe, upinde wangu una nini?"

Milembe akamwambia. Akasema moshi. Akasema kano. Akasema kamba. Hakuficha hata moja, wala hakusema nisamehe. Alisema, "Wewe ulikuwa umeanza kuwa wangu."

Hasira ilimjia Ndalahwa, akaitazama, akaona bega lake lililonenepa kwa hila ya mke wake, akashindwa hata kukasirika vizuri. Akasema, "Ungesema tu. Ungesema, baki."

"Ningesema, ungebaki?"

Ndalahwa akautazama upinde wake ukutani.

Pembe ikalia.

Milembe akachukua kisu. Akauweka upinde mapajani, akakata kano moja baada ya nyingine. Akaitoa ile kamba fupi, akafunga ile ya zamani. Akampa.

"Vuta."

Akavuta. Ikaja mpaka sikioni, polepole, bila kugoma.

"Nenda," Milembe akasema.

Akaenda. Sitaki mbele, yeye nyuma.

Jamani, porini palikuwa pazuri! Nisiwadanganye eti alifika akajuta. Alifurahi mpaka miguu ikasahau kuchoka. Alikanyaga majani makavu, akayasikia. Alinusa moshi wa kambi kwenye nguo zake mwenyewe, si kwenye shingo ya mbwa. Siku ya tatu alimpiga swala, mshale mmoja, chini ya bega, na wenzake wakaliimba jina lake. Alikuwa amerudi mzima kwenye maisha yake.

Ila kila akiketi kula, lile swali linaketi pembeni yake. Ungebaki? Akimega, lipo. Akinawa, lipo. Akawa anamenya matunda ya mwituni na kujikuta anageuka kulia, amsimulie mtu kitu, na kulia hakuna mtu, ni Magaka anakoroma mchana.

Siku ya kumi na mbili akamwambia Mzee Shigela, "Naenda nyumbani mara moja."

"Unaumwa?"

"Nina jibu la mtu."

Milembe alikuwa uani. Alimwona Sitaki kwanza, akatafuta watu wanne wenye ngozi. Hakuna watu wanne. Alikuwa yeye, kwa miguu yake, na paja la swala begani, lile bega.

"Mbona umerudi? Kiangazi hakijafika hata nusu."

"Uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza."

"Nisingebaki, Milembe." Akaitua ile nyama. "Nisikudanganye. Ungesema baki, nisingebaki. Lakini sikujua kama kuna mtu anataka nibaki. Miaka minane nilikuwa naiacha nyumba ambayo nilidhani hainingoji."

Milembe alilia, akacheka, akampiga kofi dogo la bega, halafu akaogopa kwamba amemuumiza. Hakumuumiza.

Kuanzia hapo wakawa na mazungumzo yao. Kila kiangazi, pembe ikilia, Milembe husimama mlangoni, na Ndalahwa hasogei mpaka ayasikie.

"Baki."

"Siwezi."

"Basi rudi."

"Hilo naweza."

Na alirudi. Mara siku kumi, mara kumi na mbili. Hakukosa. Wenzake walimtania, eti mwindaji gani huyu anaaga kila wiki mbili, naye anacheka. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa mbali. Sitaki akafa, akaja mbwa mwingine, akafa naye. Baki. Siwezi. Basi rudi. Hilo naweza. Mwaka baada ya mwaka.

Acheni kumenya kidogo.

Kukaja masika ya homa. Masika yakaisha, majani yakakauka, pembe ya kiangazi ikalia. Ndalahwa alikuwa na mvi, lakini bega lilikuwa zima na kamba bado inagusa sikio. Akavaa podo lake. Akaushika upinde. Akafika mlangoni, akasimama, kama anavyosimama siku zote. Akangoja.

Pembe ikalia mara ya pili. Akangoja.

Pembe ikalia mara ya tatu, wenzake wakaliita jina lake penye kivuko, wakaliita tena.

Homa ile ilikuwa imemchukua Milembe. Mlangoni hapakuwa na mtu wa kumwambia baki.

Ndalahwa akaifungua kamba ya upinde, akaikunja, akaketi pale kizingitini alipokuwa akisimama mkewe. Kiangazi hicho ndicho alichobaki.

— Nimetua?
— Tumekupokea!
— Mzigo ulikuwa mzito?
— Tumeubeba wote!
— Basi ungo huu wa karanga upelekeni jikoni, na kila mmoja aende kwa anayemngoja.