Kolekole Aliyelala Ugenini

Katika nyumba nzima ya wapangaji, friji lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Mzee Mbaruku, mwenye nyumba. Jioni moja mpangaji wake, Mwanakombo, alimletea samaki mnene, kolekole, ameshatolewa matumbo, kaoshwa na kufungwa vizuri.

"Baba, wakwe zangu wanakuja kesho mchana. Nilazie huyu kwenye friji, joto hili litamwozesha."

"Friji langu si gesti. Litanuka shombo."

Mwanakombo akashusha pumzi. "Basi kuliko aoze, mle wewe. Ila mpike leo hii."

Mzee Mbaruku akampokea upesi, Mwanakombo asije akabadili nia. Lakini maharage yalikuwa yameshaiva jikoni, naye hakuwa mtu wa kumwaga maharage. Akamsukumia kolekole ndani kabisa ya friji, habari ya shombo akaisahau.

Asubuhi Mwanakombo akapiga hodi. "Baba, tumbo linaendeleaje?"

"Lina nini tumbo langu?"

"Muuza samaki kapiga simu. Waliokula samaki wake jana wamekesha chooni. Nikasema nije nikutazame, mtu mzima wewe."

Mzee Mbaruku akamtoa kolekole kwa ncha za vidole. "Mwondoe. Kamtupe mbali, hata paka wasimwone."

"Pole, baba," alisema Mwanakombo, akamkumbatia samaki wake akaenda.

Mchana harufu ya samaki wa nazi ilimfikia Mzee Mbaruku barazani, na sauti ya mama mkwe ikafuata.

"Samaki wa jana, na bado mtamu hivi! Mwanangu, ulimlaza wapi?"

"Kwa mwenye nyumba, mama. Mzee yule hana choyo."