Tatu ya Uru Mkononi mwa Kombo

Hapo zamani, na msikilize vizuri kwa maana mwishoni nitawauliza, mji wa Ushongoni ulikuwa na chumba kimoja chenye meza ndefu na paa lisilovuja. Wanaume walibeba boriti zake. Wanawake walibeba mawe na maji ya chokaa. Kilipokwisha, wanaume wakaingia na karata zao, wakafunga mlango.

Mwanaheri, mjane wa fundi seremala, alikuwa akifundisha wanawake kusoma uani kwake. Mvua ikinyesha, maandishi yalifutika kwenye vibao na wanafunzi wakatawanyika. Mwaka wa pili akachoka, akaenda kugonga mlango ule.

"Shikamoo, Mzee Faki. Tunataka chumba asubuhi tu. Nyinyi mnakuja alasiri."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Faki, mkubwa wa wacheza karata. "Lakini chumba hiki ni cha karata."

"Basi tucheze karata."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hawakujua kwamba marehemu mumewe alilala kitandani mwaka mzima, na mwaka mzima alicheza karata na mkewe.

"Mkishinda, ufunguo wenu kila asubuhi," akasema Mzee Faki. "Mkishindwa, usigonge tena mlango huu."

"Nimekubali."

Ijumaa baada ya sala wakauweka ufunguo mezani, wakaketi, wawili kwa wawili. Mwanaheri akaketi mkabala na mwenzake, Bi Mgeni, mkunga wa mtaa. Mzee Faki akaketi mkabala na mwenzake, mpwa wake Kombo. Kila mmoja hutoa karata moja kwa zamu, ya aina iliyotangulia kama anayo, na yenye nguvu hula zote nne. Bi Mgeni alifunua karata zake zote mezani, kama mchezo ule unavyotaka: Mwanaheri anataja karata, yeye anaisogeza. Shupaza ndiyo iliyokuwa turufu, inayokula aina nyingine zote: kopa, uru na pau.

Wakacheza, wakacheza. Wanaume wakala mara sita, wanawake mara tano. Kila mtu akabakiwa na karata mbili. Wanaume walihitaji kula mara moja tu. Wanawake walihitaji zote mbili.

Mwanaheri akatoa mfalme wa kopa. Kombo hakuwa na kopa. Akachomoa karata, akaiinua, uso wake nje: tatu ya uru, karata isiyo na nguvu. Mwanaheri akaiona, moyo ukamruka. Mfalme wake alikuwa salama, hana haja ya kupoteza turufu. Akasema papo hapo, "Bi Mgeni, tano ya uru!" Bi Mgeni akaisogeza katikati.

Mzee Faki akakohoa.

Kombo akairudisha ile tatu mkononi, akapiga meza kwa nne ya shupaza. "Turufu! Tumekula!"

Mwanaheri akasimama. "Umeshacheza tatu ya uru!"

"Sijacheza. Iliyochezwa ni iliyogusa meza. Tatu yangu imegusa meza? Tano yenu je?"

"Iliyochezwa ni iliyoonekana! Uliinua, nikaiona, nikajibu nilichokiona."

Bi Mgeni akaweka kidole juu ya tano. "Kama yake imerudi, na yangu irudi. Ninayo nane ya shupaza hapa, inaila nne yake. Mkono wangu haukuchagua, ulifuata mdomo, na mdomo ulidanganywa."

"Mdomo haukulazimishwa," akasema Mzee Faki. "Umetaja mwenyewe, watu wamesikia. Nani alikuharakisha kusema kabla ya karata kutua?"

Mwanaheri akaitazama ile tano pale katikati. Ni kweli, angenyamaza pumzi moja tu, angetaja nane ya shupaza badala ya tano. Lakini hakuketi.

"Mzee Faki, kwa heshima zote. Uliiona ile tatu, au hukuiona?"

Mzee alikuwa mtu wa msikitini. "Niliiona," akasema. "Lakini kuiona si kuicheza. Mkono wa mtu huweza kusita."

"Haukusita. Wewe ulikohoa!"

"Tumbaku, mwanangu."

"Basi nami nitakaa hapa mpaka tumbaku iishe." Akauchukua ufunguo mezani, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akaketi.

Asubuhi wanawake ishirini walikuja na vibao, wakampita Kombo mlangoni, wakakaa kwenye mabenchi. Wanaume nao wakaja mapema na karata zao, wakakaa upande wa pili. Hakuna aliyemwondoa mwenzake.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, amueni. Karata huchezwa inapoonekana, inapotajwa, au inapogusa meza? Na ufunguo ule kwenye pindo la Mwanaheri, je, nani aliustahili?