Uso Uliobanduka Siku ya Pasaka

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba, zama za kale huko Italia, aliishi mchoraji mcha Mungu aitwaye Landulfo, aliyepamba kuta za makanisa kwa sura za manabii na mitume. Hakushika brashi kabla ya kusali. Na kanuni ya kazi yake ilikuwa moja: rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, vikauke pamoja na kushikana.

Siku ya Pasaka, katikati ya misa, maganda ya rangi yalimwangukia mama mmoja begani. Akainua macho, akapiga yowe. Ukutani, katika picha aliyoichora Landulfo, marehemu Gisulfo, tajiri aliyelijenga kanisa lile, alikuwa bado amepiga magoti mbele ya Kristo, lakini hana uso!

"Ya Rabi! Mungu amemfuta!"

"Si nilisema yule alikuwa dhalimu? Hata ukuta umemkinai!"

Wanaume wakakimbilia sururu ili waifukue maiti yake chini ya sakafu na kuitupa nje. Mjane wake, Bi Aldegunda, akajilaza juu ya kaburi.

"Basi nifukueni na mimi!"

Landulfo alikuwapo kati ya waumini. Alijua. Alipouchora uso ule mkono ulimtetemeka, uso ukaharibika. Ilimpasa abomoe lipu na kuanza upya, ila aliona haya watu wajue kwamba amezeeka. Akausahihisha juu ya lipu kavu. Na sasa alikuwa ameahidiwa kuchora sura ya Kristo kwenye kuba, kazi aliyomwomba Mungu tangu ujanani.

Padri Ursone alimshika bega, machozi yakimtoka. "Fundi, tumeshuhudia muujiza!"

Sururu ilikuwa tayari imeinuliwa.

"Si muujiza, Baba," akasema Landulfo. "Ni kosa langu."

"Anamtetea kwa kuwa alikula kwake!" mmoja akadakia.

Landulfo akausogelea ukuta. Akakwangua joho la Gisulfo kwa ukucha, rangi haikutoka. Akagusa ndevu zilizosalia. Zikamwagika kama unga. Kisha akauinua mkono wake mbele ya wote, wakauona unavyotetemeka. Sururu ikashushwa.

Bi Aldegunda akainuka, mavumbi usoni. "Fundi, ulikaa kimya mpaka wakataka kunipasulia kaburi la mume wangu?"

"Nilikaa kimya, Bi. Mungu anirehemu."

Bi Aldegunda alilipangusa kaburi kwa ushungi wake, akatoka.

Kuba lilichorwa na fundi mwingine, na Landulfo hakupanda tena jukwaa la kuchorea mpaka alipofariki dunia.

Ndugu waumini, kuukana uongo wa mtu mbaya si kazi ngumu. Landulfo aliukana uongo ambao watu wema walikuwa wameshaanza kumshukuru Mungu kwa ajili yake, tena mbele ya madhabahu. Mwenyezi Mungu atujalie ulimi kama ule, na atujalie kuutumia mapema kuliko yeye.