Joto Halikuwamo Kwenye Hesabu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, simu zilikwishakuwapo, aliishi Mikindani binti aitwaye Siwema, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mwanahawa. Siwema akapata nafasi ya kusoma nchi ya mbali, nchi ya theluji. Ada alilipiwa; matumizi ya kuishi akaambiwa ajitegemee.

Wakakaa mkekani, wakapanga. Kodi ya chumba, ikawekwa. Chakula, kikawekwa. Nauli na sabuni, vikawekwa. Hata mafuta ya nazi ya nywele yalipata fungu lake. Joto hawakuliweka. Nani Mikindani amewahi kununua joto? Mikindani kinachonunuliwa ni barafu.

Baridi ilipoingia, Siwema akagundua kwamba huko joto huuzwa kama sukari, na bei yake ingemeza chakula chote. Akazima kipasha joto. Akalala na nguo zake zote, akasoma vidole vimekufa ganzi, akaanza kufikiria kurudi nyumbani bila cheti.

Shangazi akaisikia sauti yake kwenye simu. "Unalia?"

"Silii, shangazi. Ni meno yanagongana."

Bi Mwanahawa akakata simu. Akalipasua godoro lake la sufi, godoro aliloingia nalo kwa mumewe, akashona mfarishi wa kanga na sufi ile, akampa msafiri ampelekee Siwema ajifunike. Tangu hapo mgongo wake ukalalia kamba za kitanda.

Usiku ukapata nafuu. Na mchana? Chumba cha jirani alikaa Nabintu, mwanafunzi kutoka Bukavu, mwenye koti moja zito.

"Dada, wewe una vipindi asubuhi. Mimi nitahamia vya jioni. Koti liende na wewe, lirudi kwangu."

"Na masomo yako?"

"Masomo hayaozi."

Lakini vipindi vingine havikufundishwa jioni. Nabintu akamaliza mwaka mzima nyuma ya wenzake.

Ghorofa ya chini aliishi mwenye nyumba, Bi Ludmila, mjane. Siku moja akagonga mlango. "Macho yangu yamechoka. Njoo kila alasiri unisomee karibu na jiko langu. Chochote."

Siwema akamsomea vitabu vyake vya uhandisi wa maji, kikongwe akasinzia. Siwema aliamini kuwa yeye ndiye anayesaidia. Hadi siku ya kuaga, alipoingia ghafla akamkuta Bi Ludmila dirishani, bila miwani, anapenyeza uzi kwenye tundu la sindano. Kikongwe akaificha sindano haraka.

Siwema akarudi kwao, injinia kamili. Akaolewa, akajifungua binti kwa shida, na madaktari wakamwambia hatazaa tena. Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, mumewe akasema, "Mchagulie somo wewe, mtu wa kurithi jina lake. Baridi ile ilikupiga wewe, si mimi."

Nabintu alikuwa amekuja kutoka Bukavu. "Shangazi alitoa godoro, sawa. Mimi nilitoa mwaka, na mwaka haushonwi upya."

"Mwaka ulitoa, mwanangu, na cheti ukapata," Bi Mwanahawa akacheka. "Mgongo wangu mpaka leo haujanyooka."

"Lakini si wewe uliyesahau joto kwenye hesabu?"

"Ndiyo maana nikalipasua godoro!"

Bi Ludmila alikwishafariki, hakuwa na wa kumsemea. Siwema akamsemea, taratibu: "Nyinyi mlinipa, nami nikajua nimepewa, nikapokea nimeinamisha kichwa. Yule alinipa akaniacha nimekiinua."

"Basi mwite Ludmila," shangazi akasema, "watoto wa Mikindani wamtanie mpaka aolewe!"

Wakacheka wote. Mtoto alikuwa amelala juu ya mfarishi ule ule, kanga zake zimepauka. Shehe alikuwa barazani, anasubiri jina. Siwema akamwinamia bintiye, akafungua mdomo.

Nanyi mnaonisikiliza, kinywani mwake mngetia jina gani? Aliyetoa malazi yake, aliyetoa mwaka wake, au aliyetoa joto akalificha lisionekane kuwa ni zawadi: je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto yule?