Mtani Ndani ya Kaburi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!
Pakawa!

Haya, sasa naweza kusema. Hapo zamani za kale, watu wa Utoba na watu wa Uvemba walikuwa watani wa kuzikana. Kisha falme zao zikagombania mpaka, utani ukageuka damu. Mfalme Kalinga wa Uvemba akaizingira ngome ya Utoba, akaikalia na chemchemi iliyokuwa nje ya ukuta. Ndani watu wakakaukiwa. Bibi Nyamizi alimtazama mjukuu wake mchanga akivuta ziwa la mama yake, hapati kitu, na roho ikamuuma sana.

Asubuhi moja kilio kikasikika kambini kwa Wavemba. Baba yake mfalme Kalinga, aliyefuatana na jeshi, amefariki.

"Nani atamchimbia kaburi?" Nyamizi akawauliza wenzake. "Watani wao si sisi?"

Akabeba jembe, akafunguliwa lango, akapita katikati ya mikuki. Hakuna aliyemgusa, maana mtani msibani haguswi. Akachimba huku akimwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, hata wafiwa wakacheka na machozi yao. Kaburi lilipokwisha, akajilaza humo chali, kama ilivyo ada ya watani.

"Sitoki. Nigomboeni."

"Nakupa mbuzi," akasema mfalme.

"Sitoki."

"Nakupa ng'ombe."

"Sitoki."

"Nakupa pembe za ndovu, mama, jua linapanda!"

"Sitoki. Ondoa jeshi lako, utuachie chemchemi yetu."

Mfalme akashika upanga. Hapo Fisi akatoka kichakani, akaketi karibu na maiti.

"Msigombane, jamani," akasema kwa adabu. "Kama kaburi limejaa, kwangu nafasi ipo."

Mfalme akamtazama Fisi, akamtazama baba yake, akawatazama askari wake. Wote walikuwa wameshusha mikuki.

"Toka, mtani. Umenivua nguo mbele ya jeshi langu."

"Apa kwanza."

Akaapa kwa jina la baba yake. Nyamizi akainuka na vumbi lake, wakamzika mzee kwa heshima zote. Jioni Wavemba walikuwa wamekwisha vuka mpaka.

Ngome nzima ikamiminika chemchemini kwa vigelegele, wengine wakaingia na nguo zao. Binti yake Nyamizi, mama wa yule mchanga, alikunywa mpaka akacheua. Kesho yake mtoto akavuta ziwa, maziwa yakamtiririka hadi kidevuni.

Hadithi yangu naiachia hapo, mtoto ameshiba.