Kichaka Kilichokataa Samadi

Mwenye usingizi akalale, hadithi hii haimsubiri mtu. Mnakijua kile kichaka cha mlimani chenye majani magumu, kibichi masika na kiangazi, kinachoota juu kwenye mchanga usiofaa hata kunde. Basi zamani kiliota popote, hata milangoni kwa watu.

Siku hizo binti akiolewa ng'ambo ya mlima, alipanda kichaka kimoja mlangoni kwa mama yake. Kikiwa kibichi, mama alijua mwanawe yu mzima. Kwenda kumwona hakuthubutu, maana ilikuwa mwiko kukanyaga kwa mkwewe kabla hajaitwa kupokea mjukuu.

Manka, mtoto wa pekee wa Ndeshau, aliolewa huko. Miaka miwili ikapita, wito haukuja. Ndeshau akazidiwa na hamu ya kumwona mwanawe. Mapenzi yakakosa pa kwenda, akayahamishia kichakani. Akakilea kama watu wa migombani wanavyojua kulea: samadi kila asubuhi, maji ya mfereji kila jioni. Jirani zake walipomwona, hakuna aliyetaka kuambiwa ana mapenzi haba. Kijiji kizima kikanuka zizi.

Majani yakageuka manjano. Ndeshau akaona hiyo ni njaa, akaongeza samadi.

"Mama Manka, kitavimbiwa hicho," mumewe Kiwia alimwambia.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akajibu.

"Kwani mimi nilimwokota?"

Vichaka vikakauka mlango kwa mlango, akina mama wakaangua vilio. Ndeshau hakulia. Aliking'oa chake pamoja na maua yake makavu, akakibeba hadi mgongoni mwa mlima, mwiko unapoanzia. Ng'ambo aliona moshi wa nyumba nyingi, asijue upi ni wa jiko la mwanawe. Akaita, "Manka! Manka we!" hadi sauti ikamkauka. Baridi ilipomzidi alikichoma kile kichaka, akaota moto wake, akashuka.

Mvua zilipokwisha alipanda tena, angalau auone ule moshi. Pale penye majivu, katika mchanga mtupu na upepo mkali, vichaka vilikuwa vimechipua, vibichi kabisa, na hakuna aliyevipa chochote. Ndeshau akakaa chini akacheka, kisha ndipo akalia. Mwanawe alikuwa mzima, tena bila mkono wa mama yake. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba kila siku, na hakujua kwamba lingeuma hivi.

Na tangu siku hiyo kichaka kile hakikai tena migombani. Ukikitia samadi kinakufa, na moto ukipita ndipo mbegu zake huamka. Nao akina mama wetu, binti akishaolewa ng'ambo, hupanda hadi pale mara moja kwa mwaka, mikono mitupu. Wakikikuta kibichi hugusa jani moja, wakasema, "Kaa huko huko, mwanangu." Kisha hurudi nyumbani kupika chakula cha watu wawili tu, mke na mume.